Kuunganisha miksa na kompyuta ya nyumbani: tundu la 3.5, USB ya miksa, au kadi ya sauti ya nje?

Miksa iko mezani, maiki imechomekwa, taa zinacheza, kompyuta iko pembeni. Kimebaki waya tu. Lakini waya huo unaweza kuwa wa aina tatu, na kila aina ina raha zake na karaha zake. Unaweza kupitisha sauti kwenye tundu dogo la kompyuta, unaweza kutumia USB iliyomo ndani ya miksa, au ukaweka kadi ya sauti ya nje katikati (kisanduku kinachogeuza sauti kuwa data na kuipeleka kwenye kompyuta). Ipo na ya nne, miksa ya USB inayopeleka kila chaneli peke yake, ila huyo ni mtoto wa ya pili na tutamtaja humo humo.

Kabla ya kununua chochote geuza miksa uitazame mgongoni. Utakuta baadhi ya maandishi haya: MAIN OUT (pa kutolea sauti kuu; matundu makubwa ya XLR, yenye pini tatu, au ya plagi ya milimita 6.35), REC OUT au TAPE OUT (matundu mawili ya RCA, jekundu na jeupe), PHONES (hedifoni), AUX SEND (pa kutolea sauti ya ziada), na pengine USB. Hapo kwenye USB usikimbilie kushangilia. Miksa nyingi ndogo zina tundu la USB pana na bapa ambalo kazi yake ni kucheza nyimbo kutoka kwenye flashi tu, haliongei na kompyuta. La kompyuta kwa kawaida ni lile la mraba, kama la printa, au la aina ya C. Ukiona la flashi pekee, fungua kitabu cha miksa uhakikishe kabla ya kujihesabu kuwa na miksa ya USB.

Upande wa kompyuta, ile ya mezani huwa na matundu matatu ya rangi: waridi ni la maiki, kijani la spika, bluu ni LINE IN, la kupokea sauti kutoka kifaa kingine. Laptopu nyingi zina tundu moja tu la kila kitu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nusu ya mjadala huu.

Vigezo vya kupimia

Kila njia tutaipima kwa maswali yale yale. Unahitaji vifaa gani? Unaunganishaje? Sauti ngapi zinafika kwenye kompyuta zikiwa bado zimetengana? Ukiwa unarekodi unajisikiaje, papo hapo au kwa kuchelewa? Kitu gani huharibika, na kwa nini? Mwisho, inamfaa nani?

Swali la tatu, la sauti kutengana, ndilo wanaoanza hulipuuza na ndilo linalouma baadaye. Sauti zikishachanganywa na kurekodiwa pamoja, ni vigumu kuzitenganisha vizuri pale utakapogundua kwamba gitaa lilimezwa na maiki ya mwimbaji. Ubora wa sauti wenyewe, ambao watu huubishania sana, kwa mtu anayeanza hutegemea zaidi alivyopanga viwango kuliko aina ya waya.

Jambo moja la msingi kuhusu nguvu ya mawimbi, maana litarudi tena na tena: maiki hutoa milivolti chache tu. Vifaa vya muziki vya nyumbani hutoa takriban volti 0.3 (kiwango kinachoandikwa −10 dBV). Matundu ya MAIN OUT ya miksa yametengenezwa kwa kiwango cha studio, +4 dBu, yaani takriban volti 1.23. Kuchomeka cha mwisho kwenye tundu linalotarajia cha kwanza ni sawa na kumpigia mtu kelele sikioni.

Njia ya kwanza: tundu la sauti la kompyuta

*Vifaa.* Kebo moja. Kutoka REC OUT unahitaji yenye RCA mbili upande mmoja na plagi ya stereo ya milimita 3.5 upande wa pili. Kutoka MAIN OUT unahitaji yenye plagi mbili za mono za milimita 6.35 na hiyo hiyo ya 3.5. Kama una chaguo, chukua REC OUT, kwa sababu kiwango chake kwa kawaida ni cha chini na kinaelewana zaidi na LINE IN ya kompyuta.

*Kuunganisha.* Shusha kitelezi cha MAIN hadi chini. Chomeka RCA nyekundu kulia, nyeupe kushoto, kisha plagi ndogo kwenye tundu la bluu. Ingia mipangilio ya sauti, chagua Line In kama chanzo cha kurekodia, hakikisha imewekwa kwenye chaneli 2, na uzime vile viboreshaji vya sauti vya kompyuta. Hufuta mkia wa maneno na kupandisha na kushusha sauti bila kuulizwa. Kisha pandisha kitelezi taratibu. Katika baadhi ya miksa REC OUT haifuati kitelezi cha MAIN. Shusha kitelezi ukiwa unaongea. Mita ya kompyuta ikiendelea kucheza, ujue kiwango utakidhibiti kwa vitelezi vya chaneli na mipangilio ya kompyuta.

*Kutengana kwa sauti.* Mbili, kushoto na kulia. Lakini mbili hizo zinaweza kufanya kazi kubwa: zungusha PAN (kitufe cha kusogeza sauti kushoto au kulia) ya maiki ya kwanza hadi mwisho kushoto, ya pili hadi mwisho kulia, na kwenye programu igawanye faili ya stereo kuwa mono mbili. Umepata watu wawili, kila mmoja na treki yake. Ujanja huu unafanya kazi kwa njia zote tatu.

*Kujisikia.* Hedifoni chomeka kwenye miksa, na hakuna kuchelewa hata kidogo, kwa kuwa sauti haijapita kwenye kompyuta.

*Panapoharibika.* Hapa pana mengi.

La kwanza ni laptopu. Tundu lake moja hupokea plagi yenye sehemu nne: kushoto, kulia, ardhi, na maiki. Ukichomeka plagi ya kawaida ya stereo, yenye sehemu tatu, laptopu inadhani umeleta hedifoni. Utaongea mpaka usiku na mita haitatikisika, au itatikisika kwa sababu ya maiki ya ndani ya laptopu yenyewe (gongagonga juu ya kibodi uone). Kiunganishi cha kugawa hedifoni na maiki kitakupa mlango, ila ni mlango wa maiki: mono, wenye kikuzaji kikali, na wenye volti mbili au tatu za kulishia maiki ndogo. Sauti ya miksa ikiingia humo hupasuka hata ukishusha kila kitu. Kwa mwenye laptopu, njia hii haifai kulazimishwa.

La pili huwachanganya hata waliokwisha kurekodi miaka. Mtu anachukua kebo moja yenye plagi ya 6.35 ya sehemu tatu, anaitoa kwenye tundu moja la MAIN OUT hadi kwenye 3.5 ya kompyuta, akiamini sehemu tatu ni stereo. Tundu lile si stereo, ni la balansi: ncha ya plagi hubeba wimbi, na pete hubeba wimbi lile lile likiwa limegeuzwa juu chini. Kompyuta inapokea ncha kama kushoto na pete kama kulia. Kwenye hedifoni utasikia sauti pana ya ajabu, kama mtu anaongea kutoka pande mbili za kichwa na katikati hamna kitu. Halafu unamtumia rafiki, anacheza kwenye simu yenye spika moja, simu inajumlisha kushoto na kulia, na mawimbi yanafutana. Muziki uliouweka baadaye unasikika, mwongeaji hayupo. Ikikutokea, faili haijafa: futa upande mmoja, baki na mwingine ukiwa mono.

La tatu ni mvumo mzito usiokatika, wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa unakoishi. Miksa na kompyuta zote zimeunganishwa na ardhi ukutani, na kebo ya sauti inaziunganisha tena, hivyo kunakuwa na duara ambamo mkondo mdogo unazunguka. Chomeka vyote kwenye kigawanya umeme kimoja. Ukiendelea, weka kitenganishi chenye transfoma katikati ya kebo. Kukata pini ya ardhi kutaondoa mvumo na kutakuweka wewe mahali pa pini, usifanye hivyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye kompyuta ya mezani yenye tundu la bluu, anayehamisha kaseti au santuri, au anayetaka kujaribu leo bila kununua zaidi ya kebo.

Njia ya pili: USB ya miksa yenyewe

*Vifaa.* Kebo ya USB inayobeba data. Inasikika kama mzaha, lakini kebo nyingi zilizolala kwenye droo ni za kuchajia tu, ndani hazina nyaya za data, na kompyuta haitaona chochote. Urefu usizidi mita 5, na usipitie kigawanya USB kama unaweza kuepuka.

*Kuunganisha.* Washa miksa, chomeka kebo, subiri sekunde chache. Miksa nyingi ndogo hufuata kanuni ya pamoja ya sauti kwa USB, kwa hiyo Windows, macOS na Linux huzitambua bila draiva (programu ya kuendeshea kifaa). Usitafute jina la kampuni tu kwenye orodha, mara nyingi hujitokeza kwa jina la jumla kama USB Audio CODEC. Ichague kama chanzo cha kurekodia, kisha angalia kama imewekwa stereo. Windows wakati mwingine huichukulia kama maiki ya mono, na upande wa kulia ukapotea kimya kimya. Linganisha pia kiwango cha sampuli (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde), 44,100 au 48,000, kwenye mfumo na kwenye programu ya kurekodia. Vikipishana utasikia kukatikakatika, au sauti itakayobadilika kimo.

Usishtuke spika za kompyuta zikinyamaza ghafla. Hazijafa. Kompyuta imeifanya miksa kuwa kifaa chake kipya cha kutolea sauti, kwa hiyo muziki sasa unatokea kwenye miksa. Ukitaka zirudi, zichague upya.

*Kutengana kwa sauti.* Kwa miksa nyingi, mbili tu, hata kama juu yake kuna chaneli 10. Yamaha MG10XU, kwa mfano, ina USB ya njia 2 kwenda na 2 kurudi. Namba iliyo kwenye jina la miksa huhesabu matundu ya juu. Njia za USB hazimo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujikuta wameingia mkenge. Soma kwenye maelezo ya kiufundi panapoandikwa idadi ya njia za USB.

Yule mtoto tuliyemtaja ndiye anayevuka kikomo hicho. Soundcraft Signature 12 MTK hupeleka njia 14 kwenye kompyuta, Behringer XR18 hupeleka 18. Kila maiki inapata treki yake. Kwa Windows utahitaji draiva ya ASIO (aina ya draiva ya sauti isiyochelewesha) ya mtengenezaji, na utahitaji diski: treki mbili za biti 24 kwa sampuli 48,000 hula takriban megabaiti 17 kwa dakika, treki 12 hula takriban 104, yaani zaidi ya gigabaiti 6 kwa saa. Angalia pia sauti inachukuliwa wapi. Ikichukuliwa kabla ya vitufe vya besi na trebo, marekebisho uliyofanya juu ya miksa hayatakuwemo kwenye rekodi. Wengine huona hiyo ni kasoro. Kwa anayejifunza ni bima, maana kosa la vitufe haliingii kwenye treki.

*Kujisikia.* Hedifoni kwenye miksa, bila kuchelewa. Ila zima usikilizaji wa ndani ya programu, la sivyo utajisikia mara mbili: mara moja papo hapo, mara ya pili kwa kuchelewa. Ukitaka kujisikia kupitia programu kwa sababu ya mwangwi au madoido mengine, punguza bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia). Sampuli 256 kwa 48,000 ni milisekunde 5.3, sampuli 1,024 ni milisekunde 21, na hiyo ni kwa safari ya upande mmoja. Ukipunguza mno, kompyuta inalemewa na sauti inaanza kutoa mikwaruzo.

*Panapoharibika.* Tatizo kubwa ni mzunguko. Sauti ya kompyuta inarudi kwenye miksa kwa waya ule ule, miksa inaijumuisha kwenye MAIN, na MAIN inarudi kwenye kompyuta. Kwenye mazungumzo ya mtandaoni mwenzako atalalamika anajisikia mwenyewe. Ukiwa unarekodi, treki mpya itakuwa na nyimbo za zamani ndani yake. Tafuta kitufe kinachopanga sauti ya USB au 2TR (ya stereo inayotoka nje) iende wapi. Iende PHONES, isiende MAIN. Kama miksa yako haina kitufe hicho na sauti ya kompyuta inaingia chaneli ya kawaida, basi ishushe chaneli hiyo na usikilizie kwenye kompyuta.

Kelele nyingine ni mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya. Huo ni uchafu wa umeme wa kompyuta unaopenya kwa waya wa USB. Jaribu tundu lingine la USB, na ukiwa na laptopu chomoa chaja: mlio ukikoma, umempata mwizi.

*Inamfaa nani.* Anayerekodi podikasti au mahojiano, anayerusha matangazo mubashara, na mwenye laptopu asiyetaka vifaa vingi mezani. Ile ya njia nyingi inaifaa bendi au kwaya.

Njia ya tatu: kadi ya sauti ya nje

*Vifaa.* Kadi yenye angalau matundu mawili ya LINE, na kebo mbili za balansi za milimita 6.35 (plagi za sehemu tatu). Hapa ndipo plagi hizo zina kazi yake halali: kila upande unapata kebo yake, na wimbi lililogeuzwa linatumika kufuta kelele zilizodakwa njiani. Kwa miksa yenye REC OUT pekee, kadi ndogo ya RCA kama Behringer UCA222 inatosha.

*Kuunganisha.* Zima kwanza volti 48 za kadi (umeme wa kulishia maiki za kondensa). Shusha GAIN (vitufe vya kukuza sauti inayoingia) zote mbili. MAIN OUT ya kushoto iende tundu la 1, ya kulia tundu la 2. Matundu mengi ya kadi ni ya mseto, yanapokea XLR pembeni na plagi ya 6.35 katikati. Tumia ya katikati. XLR huelekea kwenye kikuzaji cha maiki, na mawimbi ya MAIN OUT humo yatapasuka. Juu ya hayo, volti 48 zikiwashwa kwa bahati mbaya zitarudi kwenye matundu ya kutolea ya miksa, na baadhi ya miksa huumia. Swichi iwe LINE. INST ni ya gitaa.

*Kutengana kwa sauti.* Kama kadi ilivyo. Yenye matundu mawili inatoa mbili, yenye manane inaweza kutoa nane ikiwa miksa ina matundu ya kutolea ya kutosha: MAIN, ALT 3-4 (jozi ya pili ya kutolea sauti), AUX SEND. Nyaya zitaongezeka haraka, na kila waya ni mahali pengine pa kutafuta kosa.

*Kujisikia.* Ni vilevile, hedifoni kwenye miksa. Ukirudisha sauti ya kadi kwenye chaneli ya miksa ili usikie na kompyuta, lile tatizo la mzunguko linarudi nayo. Rahisi zaidi ni kusikilizia kwenye tundu la hedifoni la kadi, na kadi nyingi zina kitufe cha kusikia moja kwa moja.

*Panapoharibika.* Geini mbili zinazofuatana: miksa iko chini mno, kadi imepandishwa kufidia, na kelele ya ndani ya miksa inapanda pamoja na sauti. Panga miksa kwanza, mita yake icheze karibu na 0, ndipo uguse kadi.

Tuseme wazi pia: kama una maiki moja au mbili tu, kadi hii yenyewe inaweza kuzipokea bila miksa. Miksa ina maana pale unapokuwa na vyanzo vingi, au unapotaka mkono ushike vitelezi wakati jambo linaendelea.

*Inamfaa nani.* Mwenye miksa nzuri ya zamani isiyo na USB, mwenye mpango wa kukua, na yeyote aliyeshindwa na tundu la laptopu.

Kupima kiwango, njia yoyote utakayochagua

Ongea au imba kwa nguvu utakayotumia kweli. Usipime kwa kunong'ona "moja, mbili". Weka GAIN ya chaneli hadi mita ya miksa izunguke 0. Kisha tazama mita ya programu: vilele vikae kati ya desibeli −18 na −12, na pale mtu anapocheka visivuke −6. Hapo 0 ndiyo dari, hakuna juu yake, na kilichogonga dari kimekatwa kichwa. Rekodi ya chini kidogo hupandishwa baadaye bila madhara. Wakati wa kuwasha, spika ziwe za mwisho. Wakati wa kuzima, ziwe za kwanza.

Kwa hali yako

Una kompyuta ya mezani na kaseti za kuhamisha: REC OUT hadi tundu la bluu, na usinunue zaidi ya kebo.

Una laptopu na miksa isiyo na USB: kadi ya nje. Kiunganishi cha kugawa tundu kitakula muda wako na bado utaishia kuinunua kadi.

Hujanunua miksa bado na unataka podikasti ya watu wawili au watatu: miksa ya USB ya njia mbili. Wawili watatenganishwa kwa PAN. Wa tatu itabidi ashiriki upande na mwenzake, basi muweke pamoja na yule anayeongea kwa nguvu inayolingana na yake.

Unarusha mubashara au uko kwenye mikutano mingi: USB, lakini kwanza hakikisha miksa ina kitufe cha kuzuia sauti ya kompyuta isirudi MAIN.

Unarekodi ngoma, gitaa, besi na waimbaji kwa pamoja: miksa ya USB ya njia nyingi, au kadi ya matundu manane kama miksa unayo tayari na ina matundu ya kutolea ya kutosha.

Umeshaunganisha na kuna mvumo: usibadilishe njia bado. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi sekunde kumi, sikiliza. Kisha chomoa kebo moja moja kutoka kwenye miksa hadi mvumo ukate. Waya wa mwisho uliouchomoa ndio wa kuanza nao.